CD Iliyovuka Ruzizi

"Mama mukubwa, wameniambia hii mashine imekwisha. Eti ninunue ingine."

Aliyesema hivyo ni mtoto wa mdogo wangu, mwanafunzi, na mashine aliyoiweka mezani pangu haikuwa imekwisha hata kidogo. Skrini nzima, kibodi nzima ya AZERTY, memori ya gigabaiti 8, prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizipokei rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, wala mashine isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Basi mtu akamwambia kijana wangu atafute dola mia kadhaa, katika mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambao benki zake zilifunga milango Februari 2025, anunue nyingine.

Nikamwambia tutaweka Linux badala ya Windows. Akanitazama kwa huruma.

"Ile si ya watu wa kazi, Mama mukubwa. Ni ya wale wanaoingilia mashine za wengine. Na michezo haichezi."

Kijana huyu amezaliwa hapa Bukavu, mtaa wa Nyalukemba. Amekulia kwenye mteremko uleule ambako, wakati yeye anajifunza kutembea, wanafunzi wa vyuo vya ISP na ISDR na wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki walipanga mstari kuandikiwa TFC zao, yaani kazi za kumalizia masomo, kwenye mashine za Linux, na watoto wa rika la kaka zake waligombania zamu ya kucheza kwenye mashine hizohizo. Hakuna aliyemsimulia. Mimi nilikuwepo, na kwa kuwa sijaona mtu mwingine akiziandika habari hizo, naziandika.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye paa la bati, mgongo wake kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke, mlango wake ukitazama Ziwa Kivu. Tuliliita sekretaria, kama yanavyoitwa maduka yote ya namna hiyo Bukavu: kuandika, kuchapisha, fotokopi, kufunga vitabu kwa spirali. Ukiingia, jambo la kwanza kukupokea ilikuwa harufu. Toner inapochomwa juu ya karatasi ina harufu kavu, kama vumbi lililopigwa pasi. Juu yake ilikuja petroli ya jenereta iliyowekwa nyuma chini ya turubai, na kuanzia saa nne asubuhi, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za mama jirani zikianza kulia ndani ya mafuta. Karatasi zilizinywa harufu hizo zote. Nilizizoea kiasi kwamba siku za Jumapili nilizikosa.

Mwenye duka tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha hesabu sekondari hadi mshahara ulipomshinda. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na miwani aliyoifunga kwa uzi wa nailoni nyuma ya kichwa. Mimi niliajiriwa kama mpiga chapa, na kitu cha kwanza nilichojifunza kwake ni kwamba haigusi kibodi ya mtu mwingine. Ungekwama, ungemwita, naye angekuja kusimama nyuma yako, mikono ameifunga mgongoni.

"Soma. Imekuandikia nini?"

Ungemwambia imekataa. Angerudia, bila hasira: imekuandikia nini? Mashine ilikuwa imeandika sentensi nzima ya Kifaransa, ikieleza shida na mara nyingi dawa yake, nawe ulikuwa umeifunga bila kuisoma. Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada yake, wenye shahada kubwa. Sijaona mwingine aliyeweza kuizuia mikono yake namna ile ili mwenzake ajifunze.

Leo ukipeleka mashine kwa fundi, anaichukua, anakwambia urudi jioni. Jioni unaikuta imefomatiwa, imewekewa Windows ya kuvunjwa pamoja na programu ya kuidanganya ikubali, picha zako hazipo, na hukuambiwa neno. Unalipa, unaondoka hujui lililofanyika. Baada ya miezi michache unarudi kulipa tena. Hiyo si kazi ya fundi, na inanikera kuona vijana wanaiona kuwa ndiyo kawaida.

Turudi nyuma. Wakati ule mashine zetu zote zilitumia Windows XP za kunakiliwa, kama za mji mzima. Adui wetu alikuwa flashi. Kila mwanafunzi aliingia na flashi shingoni, na karibu kila flashi ilibeba kirusi. Ungeichomeka, faili ya autorun ingejiendesha yenyewe, na folda zako zote zingegeuka kuwa faili za .exe zenye sura ya folda. Ukibonyeza kufungua kazi yako, umeshakifungulia kirusi mlango. Nimeona mwanamume mzima, baba wa watoto, akikaa kwenye benchi letu na kulia kwa sababu TFC yake haionekani na siku ya kuiwasilisha ni kesho. Tulinunua antivirusi, lakini dawa isiyosasishwa haisaidii, na kusasisha kulihitaji intaneti ambayo dukani hatukuwa nayo.

Mwalimu alisikia habari za Ubuntu, mfumo mmoja wa Linux, kwa padri mmoja. Akaenda cyber, akajaza fomu. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za mfumo huo popote duniani bure, hata gharama ya posta ikilipa yenyewe. Barua za Bukavu wakati huo zilipitia ng'ambo ya mto Ruzizi. Mashirika na parokia nyingi ziliandika kwenye karatasi zao sanduku la posta la Cyangugu, Rwanda. Kwa hiyo CD zetu nazo zilifika Cyangugu, zikakaa huko wiki kadhaa, na Mwalimu akaenda kuzichukua kwa miguu, akavuka nazo daraja la Ruzizi ya Kwanza ndani ya mfuko wa mkate.

Kifuniko kimoja ninacho hadi leo. Kimeandikwa 6.06, na matoleo ya Ubuntu hubeba mwaka na mwezi wa kutoka kwake: Juni 2006. Lilipaswa kutoka Aprili, likacheleweshwa wiki sita ili likamilishwe vizuri. Bahasha basi ilifika nusu ya pili ya mwaka ule, kati ya duru mbili za uchaguzi au baada yake kidogo. Mwezi wenyewe hauna uzito. Ninachokumbuka ni mvua juu ya bati, na sisi watu wanne tukiwa tumeinamia skrini moja.

CD ile ilikuwa na uwezo ambao hatukuwahi kuuona: mashine iliwaka kutoka kwenye CD, bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ikapiga ngoma fupi, ikafungua ukurasa wa rangi ya udongo. Mwalimu akaomba flashi iliyo mbovu kuliko zote. Akaichomeka. Faili za .exe zilikuwa zimelala pale, zimekufa, kwa kuwa Linux haiziendeshi. Na kando yake, wazi kabisa, zilionekana folda ambazo kirusi kilizificha. Hazikuwa zimefutwa zile TFC. Zilikuwepo siku zote.

Habari hiyo ilishuka mlima na kupanda mwingine kwa siku chache. Watu walikuja kutoka Kadutu, kutoka Panzi, hata Bagira, flashi mkononi, kuuliza sekretaria inayofufua TFC. Ndivyo Linux ilivyoingia Nyalukemba. Hakuna aliyekuja kwa sababu ya falsafa. Walikuja kuokoa kazi zao, na wengi waliondoka na CD.

Kuhamia mfumo mpya dukani kulichukua muda, na programu ya ofisi ndiyo iliyotusumbua. Tuliandika kwa OpenOffice.org. Mwanafunzi aliondoka na faili yake ya .doc, akaifungua kwingine kwa Word, kurasa zikaongezeka na jedwali la yaliyomo likawa halilingani tena na sura. Akarudi amewaka. Mwalimu alikaa na tatizo hilo siku nyingi hadi akapata kiini chake: herufi za Times New Roman hazikuwemo kwenye Ubuntu, mfumo uliweka nyingine badala yake, na upana wa kila herufi ulipotofautiana kidogo, mistari ilihama, kisha aya, kisha kurasa. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi za Liberation, zilizopimwa upana sawasawa na zile za Windows, na tatizo kubwa likaisha. Kabla ya hapo tulitumia kitufe kilichokuwa kwenye OpenOffice na hakikuwemo kwenye Word ya wakati ule: kutoa PDF moja kwa moja. Mwanafunzi alipewa faili mbili, moja ya kurekebisha, moja ya kuchapisha, na ya kuchapisha haikuhama popote alipoipeleka.

Umeme ulipokatika, na mnakumbuka delestaji, ule mgao wa umeme wa miaka ile, mashine iliporudi kuwaka OpenOffice ilituuliza kama tunataka kurudishiwa hati tulizokuwa tukiandika. Diski nayo ilikuwa na daftari lake la ndani la kuandika mabadiliko ya mpangilio wa faili kabla hayajafanyika, hivyo haikuvurugika kwa urahisi kila umeme ulipotoweka. Kwa mpiga chapa anayelipwa kwa ukurasa, mambo hayo mawili ni chakula cha jioni.

Dar es Salaam walikuwa wamekwishatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, menyu zote kwa Kiswahili. Mwalimu aliipata, akaiweka kwenye mashine ya pembeni. Mama mmoja wa ushirika wa wauza samaki, ambaye Kifaransa cha menyu kilikuwa kikimtisha, alijifunza pale kuandika ripoti za kikundi chake, na hakutuhitaji tena. Mwalimu alifurahi kupoteza mteja yule kuliko nilivyowahi kumwona akifurahia faida.

Shida iliyobaki ilikuwa muziki. Ubuntu haikuja na uwezo wa kucheza mp3, kwa sababu za hataza, na duka lisilopiga Werrason wala Koffi si duka. Programu za kuongeza zilipatikana intaneti tu. Mwalimu alikwenda cyber na orodha kwenye karatasi, akashusha pakiti moja. Kufika dukani ile pakiti ikadai nyingine, na ile nyingine ikadai ya tatu. Alipanda na kushuka mlima kwa sababu ya pakiti hizo hadi alipogundua APTonCD, programu inayokusanya kila pakiti iliyokwisha kushushwa kwenye mashine moja na kuzichoma zote kwenye CD, ili mashine nyingine iziweke bila intaneti. Tangu siku hiyo kila aliyechukua Ubuntu kwetu alichukua CD mbili: ya mfumo na ya pakiti. Kazi ya kushusha ilifanywa mara moja, na mtaa mzima ukanufaika.

Hapo ndipo nilipoelewa kile Mwalimu alichokuwa akikisema. Juu ya mlango alitundika ubao na kuandika kwa chaki maneno manne: TUMIA. SOMA. REKEBISHA. GAWA. Ndio uhuru ambao Richard Stallman aliuwekea leseni ya GPL mwaka 1989, na ambao Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeanza Linux mwaka 1991, aliuchagua kwa kazi yake. Mji wetu ulikuwa unaishi kwa kunakili. Karibu kila programu tuliyokuwa nayo hapo kabla ilikuwa ya wizi, na tulijua hivyo. Mwalimu, aliyekuwa mkristo mkali, aliumia kwa jambo hilo miaka mingi. Sasa alikuwa na kitu ambacho kukinakili na kumpa jirani ni haki, na mwenye kukitengeneza ndiye anayekuomba ufanye hivyo. Alinakili CD usiku kucha kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Mfumo wa namna hiyo unaufaa mji wetu, ambako intaneti ni ghali na miguu ipo.

Na michezo ilichezwa. Kuanzia saa kumi na moja jioni wateja wakipungua, mashine tatu za nyuma ziliachiwa watoto. Walianza na Frozen Bubble, wakipiga vipovu vya rangi hadi mama zao waje kuwaita, na SuperTux, pengwini anayeruka juu ya barafu. Wakubwa hawakutosheka, walitaka mpira na bunduki. Mwalimu akawawekea Wine, programu inayotafsiri maombi ya programu za Windows ili Linux iyaelewe. Ilianza 1993 na ikafikia toleo lake la 1.0 Juni 2008, miaka 15 baadaye. Mpira ulikwenda kwa kusitasita, sauti ikikatika katikati ya goli. Counter-Strike 1.6 ilikwenda safi. Waya ulipitishwa kati ya mashine tatu, na vijana wakapigana hadi petroli ilipokwisha. Zamu ililipiwa kwa franka. Asiye na franka aliandika ukurasa mmoja kwa vidole vyote bila kutazama kibodi, nami nikausahihisha. Wawili kati ya watoto wale leo wanasimamia seva za mashirika, mmoja Goma, mwingine Kampala.

Miaka iliyofuata ilikimbia. Tetemeko la Februari 2008 lilipasua ukuta wetu wa mawe, tukaujenga. Mwaka 2010 wengi wa waandishi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, tukahama nao. Aprili 2011 Canonical ilitangaza kusimamisha kutuma CD bure, kwa kuwa, walisema, watu sasa wanashusha wenyewe. Wenye intaneti walishusha. Kisha simu zikaja, na pamoja nazo wazo kwamba kompyuta si lazima. Wanafunzi wakaanza kuandika TFC kwa kidole gumba. Mwalimu aliugua, akafariki, watoto wake wakauza mashine moja moja. Pale palipokuwa sekretaria leo panauzwa vifurushi vya simu na kutumwa pesa. Kijana anayekaa pale ni mpole na mchapakazi. Nilimuuliza kama anajua palikuwa na nini, hajui, na kwa nini ajue?

Wakati sisi tunasahau, dunia ilikuwa inakamilisha kile tulichokianza kwa taabu. Kampuni ya michezo ya Valve ilileta Steam, duka lake la michezo la mtandaoni, kwenye Linux mwaka 2013. Agosti 2018 ikatoa Proton, ambayo ndani yake ni Wine ileile iliyokuwa ikikata sauti dukani kwetu, imekomazwa na kuongezewa uwezo wa kutafsiri michoro. Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya michezo ya kushika mkononi inayotumia Linux, na maelfu ya michezo ya Windows inachezwa humo bila mchezaji kujua kuna tafsiri. Bado kuna milango iliyofungwa: baadhi ya michezo ya mashindano ya mtandaoni, kama Fortnite na Valorant, haiendi kwa sababu programu zake za kuzuia udanganyifu haziikubali Linux. Anayeishi kwa michezo hiyo ajue mapema. Lakini kusema Linux haichezi michezo ni kurudia habari za zamani.

Kijana wangu tulimwekea Linux Mint, ndugu wa Ubuntu, jioni moja. LibreOffice ilifungua kazi zake zote, kurasa zikiwa mahali pake, na michezo yake myepesi ya Steam ilikwenda. Nilisimama nyuma yake nikamwacha asome kila swali la kisakinishi mwenyewe, ikiwemo lile la kibodi, ambalo wengi hulipita kisha wakashangaa A imekuwa Q.

Kinachoniuma si kwamba teknolojia imepotea, maana haijawahi kuwa nzuri kama leo. Kilichopotea ni mkono wa kuipitisha. Mchezo mmoja mkubwa sasa unaweza kupita gigabaiti 100, na kwa kifurushi cha simu hapa mzigo huo haubebeki kwa urahisi. Kila mtu anashusha peke yake, analipa peke yake, anakwama peke yake, kisha anaambiwa mashine yake ni taka. Nyalukemba ina mashine nyingi za namna hiyo, zimefungwa kabatini, nzima. Shule zetu zina vyumba vya kompyuta visivyowaka kwa sababu mfumo umekufa na leseni mpya haina bajeti.

Ombi langu ni dogo na linawezekana mwezi huu. Kila sekretaria iliyobaki, kila parokia, kila shule yenye intaneti hata ya saa moja kwa siku, iweke diski moja yenye Mint, LibreOffice, herufi za Liberation, pakiti za muziki na michezo huru, na imruhusu yeyote anayekuja na flashi aondoke na nakala na mtu wa kumwelekeza. Kuishusha Mint ni karibu gigabaiti 3. Zikishushwa mara moja na mtu mmoja zinautosha mtaa mzima, na hakuna sheria inayovunjwa.